Barakoa ya vichujio viwili: uzoefu wangu wa kupiga rangi Peugeot 504

Nianze na hukumu yenyewe. Kwa msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushika bati) na rangi ya chini (rangi yenyewe, kabla ya klia), barakoa hii ina thamani ya kila shilingi. Kwa klia (rangi angavu ya mwisho ya kung'arisha) yenye hadina (dawa ya kuigandisha), usiitegemee peke yake.

Ni ile ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya kuzungusha pembeni. Vyangu vimeandikwa A2P3: mstari wa kahawia ni wa mvuke wa tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) na jamaa zake, mweupe ni wa vumbi na matone ya rangi. Niliinunua hapa hapa Arusha, bei inakaribia galoni ya klia. Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited alipoiona alicheka: “Bosi, sisi tunakunywa maziwa.” Imani hiyo iko karibu kila gereji. Lakini maziwa yanashuka tumboni, na rangi unayoivuta inaingia kwenye mapafu.

Gari ni Peugeot 504 ya miaka ya sabini, ukoo ule ule uliochukua Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Rangi za enzi hizo mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo tulikwangua kwa msasa wa maji, barakoa usoni muda wote. Hapo haikunisumbua, ila jasho.

Kwenye kuchanganya ndipo nilipoipenda. Ukifungua kopo la tina bila barakoa macho yanawasha na kichwa kinagonga. Nikiwa nayo sikusikia harufu kabisa. Macho lakini haiyafuniki, miwani ya kuziba inunue kando. Glovu nazo ni za lazima, maana hadina inapenya hata kwenye ngozi. Tulipima kwa kikombe chenye mistari, klia mbili kwa hadina moja kama kopo lilivyoelekeza, na kopo la hadina tukalifunga papo hapo kwa sababu unyevu unaliharibu. Mchanganyiko uliobaki usiufunge kwenye chombo kisichopumua: ukikutana na unyevu unatoa gesi, chombo kinaweza kupasuka. Na tafadhali, usiweke tina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Watoto hawasomi mawazo yetu.

Jambo jingine ambalo barakoa haikusaidii ni moto. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Jirani yetu ni mama lishe mwenye jiko la mkaa, hivyo tulimwomba asogee upande wa pili wa uwanja kabla hatujawasha kompresa. Alikubali kwa masharti kwamba chakula cha mchana tukanunue kwake.

Sasa klia. Hadina ya rangi hizi za 2K (za kuchanganya sehemu mbili) ina isosaineti, na kemikali hiyo inaweza kukuzidi kabla pua haijaisikia. Maana yake ile kanuni ya “nikisikia harufu nabadilisha kichujio” haifanyi kazi. Aliyekwisha kupata pumu kwa sababu yake anaweza kubanwa kifua na kiasi kidogo sana, wakati mwingine usiku, saa nyingi baada ya kazi. Ndevu nazo zinaharibu kila kitu. Za kwangu nilizinyoa, za fundi zilibaki, na kila alipoziba vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi kujaribu kama imebana, hewa ilipenya kidevuni. Kwa hiyo klia tuliipeleka kwenye gereji yenye chumba cha rangi na kofia ya kulishwa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Gharama iliuma. Kazi ilitoka inang'aa, na kwa baridi ya Julai ya Arusha chumba chenye joto kiliikausha haraka kuliko uwanja wetu ungeweza.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa vichujio: makaa yaliyomo ndani yanaendelea kunyonya mvuke wa hewani hata barakoa ikining'inia ukutani, hivyo baada ya kazi navifungia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Kabla hujalipa, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti, na umuulize muuzaji kama anauza vichujio peke yake. Duka la kwanza nililoingia waliniambia vikiisha ninunue barakoa nzima upya.