Kitoa pini za cheni ya pikipiki: nilivyokirekebisha hadi kikafanya kazi

Nina kijiwe cha kutengeneza bodaboda hapa Ngaramtoni, na kazi inayonijia kuliko zote ni ya cheni. Vumbi la huku likikutana na oili chakavu ambayo vijana wanaimwagia cheni, linageuka msasa. Zamani pini tulikuwa tunazing'oa kwa nyundo na msumari mnene, cheni ikiwa imelazwa juu ya nati. Zinatoka, sikatai, ila vibati vya pembeni vinapinda na pingili iliyobaki inakaza, haijikunji vizuri ikifika kwenye sproketi.

Kwa hiyo nikanunua kitoa pini, kile chenye mwili wa umbo la U, bolti kubwa yenye tundu katikati, na bolti ndogo inayopita humo kusukuma ncha. Nimekipata kwa Sh 35,000 kwenye duka la vipuri karibu na soko la Kilombero, Arusha mjini. Ndani ya boksi kuna ncha mbili za unene tofauti.

Mafundi wenzangu wananiambia vifaa hivi ni takataka kwa kuwa ncha zinakatika. Zinakatika kweli. Lakini angalia kinavyokuja: ncha imeshajitokeza nje ya bolti kubwa. Ukikaza bolti kubwa ili ishike cheni, ncha ndiyo inayotangulia kugusa, tena ikiwa imeegemea upande, na mzigo wote unaibebesha yenyewe kabla cheni haijatulia. Hapo inapinda, na ikishapinda imekwisha. Dawa yake ni kurudisha bolti ndogo nyuma mpaka ncha ijifiche kabisa. Kaza bolti kubwa kwa mkono hadi cheni isicheze, ndipo usogeze ncha polepole. Chungulia kwa pembeni: lazima ikae katikati ya kichwa cha pini. Ikiwa imekwenda pembeni hata kidogo, legeza uanze upya. Usilazimishe.

Jambo la pili ni vichwa vya pini. Kiwandani vimepigwa vikatanuka ili visitoke, sasa wewe unataka kuvipitisha kwenye tundu jembamba kuliko vyenyewe. Visage kwanza kwa grenda, au kwa tupa kama umeme umekatika, mpaka vilingane na kibati. Vaa miwani. Tangu nianze kusaga kwanza, spana inazunguka laini, na pale inapokuwa nzito ghafla najua kuna kitu hakijakaa sawa.

Kuhusu unene wa ncha, pini ya cheni ya saizi ya 428, ambayo ndiyo iko kwenye Boxer nyingi hapa mjini, ina takriban milimita 4.5. Ncha inayozidi hapo inakwama kwenye kibati, nyembamba mno inapinda. Kwa 428 natumia ile nene, inapita bila kubana. Nyuzi za bolti zote mbili zilikuja kavu kabisa, nikazipaka grisi. Mtengenezaji angefanya hivyo mwenyewe, grisi si dhahabu.

Kwenye kukata, cheni mpya mara nyingi huja ndefu. Unapunguza pingili mbili mbili, ya ndani na ya nje, maana miisho yote miwili ya cheni lazima iwe na pingili ya ndani ndipo kiungo cha kufuli, kile kinachounganisha cheni kwa klipu, kiingie. Kwa 428 hiyo ni milimita 25.4 kila unapokata. Pini uliyoitoa usiirudishe, tumia kiungo kipya, na kile kiklipu upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea. Wateja wengine wanakuja na cheni iliyolegea wakitaka niikate tu. Nawakatalia. Imelegea kwa sababu pini na bushi zimelika, na ukiikata itaendelea kula meno ya sproketi.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya mkono wake mfupi, unaoumiza kiganja, na kwa kukosa ncha za akiba. Kama una pikipiki moja tu, lete kwa fundi, hela yako itapumzika. Kwa baiskeli usikitumie kabisa: hatua ya cheni yake, yaani umbali kutoka pini hadi pini, ni milimita 12.7 kama ya 428, lakini pini zake ni nyembamba na ncha hii itakupasulia kibati.