Bucharest ya Ceaușescu kwa miguu: uzoefu wangu na matembezi yenye mwongoza watalii

Matembezi niliyoyafanya katikati ya Bucharest, mji mkuu wa Romania, huchukua takribani saa tatu, huanzia Piața Unirii na kuishia Uwanja wa Mapinduzi. Yanaeleza jinsi utawala wa kikomunisti, hasa ule wa Nicolae Ceaușescu aliyeshika madaraka kuanzia 1965 hadi 1989, ulivyoubomoa mji na kuujenga upya. Ada yake imezidi kidogo tiketi ya jumba la makumbusho, na kwa maoni yangu inastahili, kwa kuwa mengi ya kuonwa hapa yamefichwa au hayapo tena, na mgeni asiye na mwenyeji atayapita bila hata kugeuza shingo.

Kanisa la Mihai Vodă ni mfano mmojawapo. Mwongoza watalii wetu, mwenyeji aliyekuwa bado mwanafunzi utawala ulipoanguka, alitupitisha nyuma ya majengo ya ghorofa hadi tukajikuta tumesimama mbele ya kanisa dogo la matofali, upande mmoja karne ya 16 na upande wa pili mashuka yaliyoanikwa kwenye roshani za watu. Kanisa hilo, lililojengwa mwaka 1591, lilikuwa juu ya kilima. Mwaka 1985, kilima kilipokuwa kikisafishwa kupisha ujenzi wa kasri la Ceaușescu, mhandisi Eugeniu Iordăchescu na wenzake walilikata kutoka kwenye msingi wake, wakalikalisha zima zima juu ya sakafu ya zege, wakaliweka kwenye reli na kulisogeza umbali wa mita 289. Kanisa lilinusurika, lakini majengo ya monasteri yaliyolizunguka yalivunjwa, kisha zikapandishwa ghorofa za kulikinga lisionekane kutoka barabarani. Ningeweza kukaa hapo saa nzima, na kwa bahati nzuri mwongoza watalii hakutuharakisha.

Kasri lenyewe, ambalo leo ni jengo la Bunge, tulilitazama kwa nje tu. Takwimu zake, zikiwamo vyumba vyake vipatavyo 1,100, zimo katika kila kitabu cha watalii, naye alizitaja upesi. Alikawia zaidi kwenye kilichotangulia: tetemeko la ardhi la tarehe 4 Machi 1977, lililoua watu wapatao 1,500 nchini, nalo likampa Ceaușescu kisingizio cha kuupanga mji upya kwa matakwa yake. Mtaa wa Uranus ulifutwa, na inakadiriwa kwamba watu 40,000 walihamishwa. Ujenzi ulianza mwaka 1984 chini ya msanifu majengo Anca Petrescu, na aliyeagiza kasri hilo aliuawa kabla halijakamilika.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ile ya maisha ya kila siku, ingawa haina mnara wowote wa kupigia picha. Watanzania waliopanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakala na ule unga wa yanga, hawahitaji kuelezwa maana ya kuamka alfajiri kwa ajili ya duka ambalo huenda lisipate mzigo. Tofauti ni kwamba Romania ilikuwa na chakula, lakini kilisafirishwa nje ili kulipa madeni ya kigeni, ambayo serikali iliyamaliza mwaka 1989 huku wananchi wakigawiwa mkate kwa mgao na televisheni ikirushwa kwa saa mbili tu kwa siku. Mwongoza watalii alitoa mfukoni pakiti tupu ya sigara za Kent, akaeleza kwamba pakiti kama hiyo, ikiwa haijafunguliwa, ndiyo iliyomfanya daktari akuone mapema au muuza nyama akuwekee kipande chini ya meza. Wavutaji wengi hawakuthubutu kuzivuta.

Kwenye Uwanja wa Mapinduzi tulisimama mkabala na roshani ya makao makuu ya zamani ya Kamati Kuu ya chama, naye akatuonesha kwenye simu yake hotuba ya tarehe 21 Desemba 1989: umati unaanza kupiga kelele, kiongozi anasita, anaita "alo, alo" kwenye kipaza sauti, kisha anaahidi nyongeza ya mishahara. Kuitazama ukiwa umesimama pale pale kunatisha. Siku iliyofuata alitoroka kwa helikopta kutoka juu ya paa, na tarehe 25 Desemba yeye na mkewe Elena walipigwa risasi huko Târgoviște. Kifo hicho kilisikika hadi Kinshasa kwa rafiki yake Mobutu, ambaye tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Mwongoza watalii hakukwepa jambo gumu, kwamba wengi wa waliokufa katika mapinduzi hayo waliuawa baada ya Ceaușescu kukimbia, si kabla. Mnara wa kumbukumbu wa mwaka 2005 uliopo hapo, nguzo ndefu nyeupe iliyobeba kitu kama kiota, wenyeji wanauita kiazi kilichochomekwa kwenye mti, nami nawaunga mkono.

Zipo kasoro. Miaka ya Gheorghiu-Dej, kiongozi wa kikomunisti aliyemtangulia Ceaușescu, yenye magereza ya kisiasa na kazi za shuruti kwenye mfereji wa Danube hadi Bahari Nyeusi, ilipewa sentensi chache tu, kana kwamba ukomunisti wa Romania ulianza na Ceaușescu. Kampuni iliyoandaa ilitujaza wengi mno, hivyo waliokuwa nyuma hawakusikia kitu kando ya barabara zenye magari; ukienda, kaa mbele. Anayetaka kuingia ndani ya kasri anunue tiketi yake mbali, kwa kuwa haimo katika ada hii, na asisahau pasipoti, maana bila kitambulisho hapiti mlangoni.