Huduma ya kupima pombe kali maabara: nililipa, na ningelipa tena

Nina duka la vinywaji mjini Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka mingi nimeliamini jicho langu: natazama stempu ya kodi, lebo na kifuniko, kisha naitikisa chupa nione mapovu yanavyokaa shingoni. Mwezi uliopita mteja wangu wa siku nyingi alinirudishia wiski ya Uskoti akilalamika kwamba imepwaya, ilhali stempu yake ilikuwa sawa kabisa. Niliichukua pamoja na kidumu cha waragi, pombe kali ya Uganda, kutoka kwa mletaji mpya, nikapanda basi hadi maabara moja ya binafsi jijini Kampala.

Kijana aliyenipokea aliziandika sampuli namba na kuzitia lakiri mbele yangu, kisha akaniruhusu nitazame hatua ya kwanza. Hakuitumbukiza haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia ukali wa pombe, ndani ya wiski moja kwa moja, kwa kuwa sukari na rangi hukidanganya kipimo. Aliichemsha kwanza, akaupoza mvuke wake, akaongeza maji safi hadi ujazo wa awali, ndipo akapima katika nyuzi 20 za Selsiasi. Ilisoma asilimia 31 ya alkoholi, wakati wiski ya Uskoti haiwezi kisheria kuwa chini ya 40.

Kazi kubwa hufanywa na mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika. Tone dogo hugeuzwa mvuke na kusukumwa kwa gesi katika mrija mwembamba uliozungushwa kama koili, na kila kemikali hutoka kwa wakati wake, ikichora kilele kwenye grafu; methanoli, alkoholi yenye sumu, huitangulia ethanoli, ile alkoholi ya kawaida ya vinywaji. Waragi ulikuwa na kilele kidogo cha methanoli, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, nami nilishusha pumzi. Sisi wa biashara hii hatujasahau Kabale mwaka 2010, ambako waragi wenye methanoli uliua makumi ya watu. Ulimi hauigundui sumu hiyo, wala njiti ya kiberiti ambayo wengi wetu huitegemea, kwani ethanoli nayo huwaka kwa mwali wa buluu. Mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na huua.

Wiski nayo haikuwa na sumu. Hata hivyo, alkoholi za isoamili, zinazotokana na uchachushaji wa nafaka, zilikosekana karibu kabisa, na kipimo cha ziada kilionyesha vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, bila mwenzake siringaldehaidi, ilhali pipa la mwaloni ambamo wiski hukomazwa hutoa zote mbili.

“Hii haitakuua, Mama,” kijana aliniambia, “lakini si wiski.”

Lalamiko langu kubwa linatoka hapo hapo. Kifurushi cha kawaida hupima methanoli na ukali tu, na mapokezi hakuna anayekueleza kwamba pombe salama na pombe halisi ni maswali mawili tofauti. Nisingeuliza, ningerudi nyumbani na cheti kisichogusa kabisa uhalisi wa chupa yangu. Majibu yalichukua siku 9 badala ya 5 nilizoahidiwa, na ada ya chupa moja ilizidi bei ya chupa tatu za wiski yenyewe. Anayetaka kwenda abebe pia chupa ya aina ile ile aliyoinunua kwa wakala rasmi, maana ulinganisho wa vilele ubavu kwa ubavu hutoa jibu lenye uzito zaidi kuliko majedwali ya vitabuni.

Chupa 11 zilizobaki katika katoni ile nimezifungia stoo, pamoja na ripoti na risiti ya mletaji, hadi wakaguzi wa viwango watakapofika.