Coaster za Lindi–Mtwara: nauli inalipika, kusubiri ndiko kunakoumiza

Anayetaka jibu la haraka alipate hapa: Coaster za kati ya Lindi na Mtwara zinatoza bei ya haki, magari mengi yana hali ya kuridhisha, na madereva wanaijua barabara. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Gari haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Ukipandia Mtwara kasoro hiyo huisikii sana. Ukipandia Lindi inakula nusu ya siku yako. Ndiyo maana wazo la Lindi kujitoa kwenye ruti hii ya pamoja, ikawa na magari yake yanayoishia Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, na anayekwenda mbele akaunganisha, linaingia akilini kirahisi. Mimi silikubali, na sababu zangu nitazieleza, lakini kwanza huduma yenyewe.

Safari ni kilomita 100 na ushee, lami mwanzo mwisho. Gari linatoka stendi ya Lindi, linapita Ngongo, linazunguka ghuba hadi Mnazi Mmoja ambako barabara ya Masasi inachepuka, kisha linashika mashariki katikati ya mikorosho mpaka Mikindani, na dakika chache baadaye Mtwara. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50. Ukijumlisha vituo vya njiani unapata saa moja na nusu hadi mbili. Mpiga debe anayekuambia "saa moja tu upo Mtwara" anakuahidi gari litakalovunja sheria, au anakudanganya.

Kuhusu nauli, kikomo kinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye lami lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kila kilomita. Kwa kilomita 105 hiyo ni shilingi 5,089. Kumbuka kwamba hicho ni kikomo cha juu: mwenye gari anaweza kutoza pungufu, hawezi kuzidisha. Hesabu hiyohiyo ndiyo ya kumpigia konda anapotaka nauli ya safari nzima kutoka kwa anayeshukia Mnazi Mmoja. Zidisha kilomita zako kwa kiwango kilichobandikwa ndani ya gari, umwoneshe jibu kwenye simu. Mara nyingi analegea, kwa sababu anajua karatasi ile ipo na namba ya malalamiko imeandikwa palepale.

Sasa gari lenyewe. Coaster ya ruti hii ina siti kati ya 26 na 30, zikiwemo zile za kukunja zinazoziba njia ya katikati. Siti ya kukunja ndiyo ya kuangalia kwa makini kabla hujaweka mzigo chini. Egemeo lake linashikwa na pini mbili ubavuni, na pini zikilika, egemeo linarudi nyuma kila dereva anapokanyaga mafuta, nawe unajishikilia kwa tumbo na mapaja safari nzima. Lisukume kwa kiganja kabla ya kukaa. Likicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, omba siti nyingine. Anayekaa hapo pia atainuka kila mtu wa dirishani anaposhuka, na kabla ya Mnazi Mmoja wanaoshuka ni wengi.

Siti ya kwenye boneti, pembeni ya dereva, inapendwa kwa kuona mbele, ila injini iko chini yake na mfuniko ukishapoteza sponji yake ya ndani joto linapanda hadi kwenye nyayo. Benchi la mwisho liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila tuta linakurusha mara mbili. Siti bora ni safu ya pili na ya tatu. Upande wa kukaa unategemea msimu: kuanzia Juni hadi Agosti jua linatembea kaskazini, na sehemu kubwa ya safari ni ya kuelekea mashariki, kwa hiyo ukienda Mtwara kaa upande wa dereva, ukirudi Lindi kaa upande wa mlango. Pazia za Coaster nyingi zimebaki nusu, na jua la pembeni la saa nzima si jambo dogo kwa mwenye mtoto mgongoni.

Tatizo la magari linalojirudia ni kuchemsha injini. Gari linakaa stendi limewashwa kwa muda mrefu ili ubaridi uwavute abiria, feni inafanya kazi bila upepo wa mwendo, maji ya rejeta yanapungua, kisha dereva anataka kufidia muda barabarani akiwa na mzigo kamili. Ukiona mtu anamimina maji kwenye rejeta ya gari ambalo halijaanza safari, uliza maji yamepungua kwa nini. Tairi za nyuma nazo ziangalie wakati wa kupakia: zikiwa zimebonyea kabla gunia la mwisho halijaingia, upepo hautoshi, na tairi lenye upepo mdogo kwenye lami ya mchana ndilo linalopasuka.

Tuje kwenye kusubiri, kwa sababu hapo ndipo penye maumivu. Chukua mfano wa hesabu, si takwimu: gari lina siti 28. Stendi inayopata abiria 42 kwa saa inalijaza kwa dakika 40. Stendi inayopata abiria 14 kwa saa inalijaza kwa saa mbili. Nauli ni ileile, barabara ni ileile, gari ni lilelile, lakini aliyepanda wa kwanza upande mdogo amelipa kwa muda wake mara tatu ya mwenzake. Halafu watu wanajifunza. Anayeishi Ngongo haji tena stendi, anasimama barabarani akitegemea siti iliyobaki. Stendi inazidi kupungukiwa, gari linazidi kuchelewa, na dereva haachi siti wazi kwa ajili ya watu wa njiani ambao hana uhakika nao. Kila mmoja ametumia akili yake vizuri, na wote kwa pamoja wamerefusha foleni.

Hapo ndipo wanapoingia abiria wa bandia. Vijana wanne watano wanakaa ndani gari lionekane limebakiza siti chache, unalipa, na muda si mrefu wanashuka mmoja mmoja. Kuwatambua si kazi: hawana begi, wamekaa karibu na mlango, wanazungumza na walio nje kupitia dirishani, na hakuna hata mmoja mwenye tiketi. Hesabu tiketi, usihesabu vichwa. Na usilipe mpaka wenye mizigo na watoto wawe wamezidi nusu ya gari.

Si haki kumlaumu dereva peke yake. Coaster yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 ikiwa imejaa inakwenda kilomita sita hadi saba kwa lita, kwa hiyo safari moja inameza lita 16 hivi. Weka bei ya shilingi 2,800 kwa lita, unapata 44,800. Abiria 28 wa shilingi 5,000 wanaleta 140,000. Abiria kumi wanaleta 50,000. Kwa abiria kumi imebaki shilingi 5,200 ya ushuru wa stendi, konda, mpiga debe, na hesabu ya tajiri, ambayo jioni lazima ifike iwe mvua au jua. Bei ya mafuta EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inaitangaza upya kila mwezi, nauli inakaa miaka. Mwenye gari hana pa kupunguza isipokuwa kwenye idadi ya safari, na kupunguza safari maana yake ni kungoja lijae.

Ndiyo maana sioni faida ya Lindi kujitoa. Magari ya kuishia Mnazi Mmoja yangejaa haraka kidogo, kweli, lakini abiria wa Mtwara angelipa mara mbili na kusubiri mara mbili. Pale njia panda angeunga na gari litokalo Masasi ambalo limeshajaa, na siti ya kukunja ndiyo angebahatika nayo. Mgonjwa mwenye rufaa ya Hospitali ya Kanda ya Kusini, Mitengo, angeshushwa kando ya barabara na bahasha yake ya picha za eksirei, aanze kutafuta upya. Abiria wachache wakigawanywa kati ya huduma mbili, zote mbili zinadhoofika. Kusini tumeshaliona hilo kwa kiwango kikubwa: reli iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka bandari ya Mtwara kuelekea Nachingwea, ilifungwa 1962 kwa kukosa mzigo wa kuilipa. Mzigo uliotarajiwa haukuja, na treni haina huruma na matarajio.

Kubaki, hata hivyo, kusiwe kwa bure. Lindi ina kitu mkononi: stendi ni ya manispaa, na gari la ruti hii haliwezi kufanya biashara bila stendi. Leseni na ruti ni mambo ya LATRA, na mabasi ya masafa marefu tayari yanaondoka kwa ratiba zilizoidhinishwa nayo. Hakuna sababu ya ruti hii kukosa walau safari nne za saa maalumu kila siku kutoka Lindi: saa 12 asubuhi, saa 2, saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Katikati ya hapo foleni ya kujaza iendelee kama kawaida, kwa sababu mchana abiria hana haraka ileile ya asubuhi.

Nani abebe hasara ya gari la saa 12 likiondoka na watu kumi? Wote walio kwenye foleni. Tuseme pengo la kufidiwa kwa safari hiyo ni shilingi 50,000 na foleni ina magari 12: kila gari linachangia karibu 4,200 kwa siku, nauli ya abiria mmoja hata haifiki. Aliyeondoka na siti tupu anafidiwa jioni kutoka kwenye mfuko huo, na zamu inazunguka. Kwa gari la asubuhi pengo hilo halitadumu. Watu wakishajua kwamba saa 12 ni saa 12, wa Ngongo watarudi stendi. Abiria anafuata uhakika kabla ya kufuata bei, na siku hizi uhakika huo anamlipa mwenye bodaboda au gari dogo la kukodi kwa bei ya juu zaidi.

Mahali mpango kama huu unapoharibika ni pawili. Kwanza, msimu wa korosho, Oktoba hadi Januari, fedha zinapotoka na kila gari linajaa lenyewe: wenye magari wanasahau mfuko, na ukifika Februari haupo. Uchangiwe mwaka mzima, hata siku ambazo hauhitajiki. Pili, Ramadhani. Kuanzia saa 10 jioni magari yanapotea kwa sababu dereva na konda wanataka kufuturu nyumbani, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu. Ratiba ya mwezi huo ibadilishwe mapema, gari la mwisho liondoke saa 9 na nusu, na tangazo libandikwe stendi zote mbili. Tangazo la mdomo la mpiga debe si tangazo.

Kwa anayesafiri kesho, hali ikiwa bado ni hii: fika stendi ya Lindi kabla ya saa 12 asubuhi, maana gari la kwanza ndilo linalojaa kwa haraka kuliko yote hadi mchana. Dai tiketi ya mashine, usikubali kipande cha kuandikwa kwa kalamu, na soma namba ya gari iliyochapwa kama ni ya gari ulilomo. Gari likiharibika njiani ukahamishiwa jingine, hiyo tiketi ndiyo haki yako. Ipige picha, kwa sababu karatasi ile inafutika ikikaa juani au kwenye mfuko wenye jasho. Bei ya mzigo ikubaliwe kabla haujapandishwa, si baada ya kufungwa kamba. Anayekwenda Mitengo amwambie konda mapema, kwani akipitiliza hadi stendi ya Mtwara atalipa bajaji ya kurudi nyuma.

Mabasi makubwa yatokayo Dar es Salaam nayo yanapita alasiri yakiwa na siti za watu walioshukia Lindi. Yanakwenda bila kungoja kujaa, na kwa mtu asiye na mzigo ni chaguo zuri kuliko Coaster ya saa hizo. Ila barabara ya Kilwa ikiwa na matatizo, kama Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata, usiyategemee kabisa. Na kutoka Mtwara kurudi, ukikuta magari mawili tu kwenye foleni baada ya saa 11 jioni, panda la mbele hata kama siti iliyobaki ni ya kukunja.