Ziara ya Siku Moja ya Historia ya Umisionari Mombasa: Saa Mbili kwa Wareno, Dakika 20 kwa Makatekista

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, watu 22 wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Wakatoliki wa Mikindani tulifanya ziara ya siku moja inayoandaliwa na kikundi cha waongozaji wa hapa mjini kwa ajili ya parokia, shule na vyama vya kitume. Wenzetu wa jumuiya jirani wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipiwa, nami nimeona niwajibu kwa maandishi. Inafaa. Hata hivyo, sehemu yake iliyonigusa kuliko zote ndiyo iliyotengewa muda mchache kuliko zote, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Ada ni shilingi 1,800 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na ndani yake mna chai ya asubuhi, chakula cha mchana na matatu ya kukodi. Tiketi ya kuingia Fort Jesus hulipwa kando, jambo ambalo lingepaswa kuandikwa wazi kwenye tangazo, kwa sababu baadhi ya akina mama walikuwa wamebeba nauli ya kurudi nyumbani tu na ikabidi mweka hazina wetu awakopeshe kutoka mfuko wa jumuiya. Amana tuliituma kwa M-Pesa wiki moja kabla, na risiti ikaja siku hiyo hiyo. Matatu ilichelewa kwa dakika 40. Kiongozi wa kikundi aliomba radhi bila kutafuta visingizio.

Kituo cha kwanza ni Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, kwenye Barabara ya Nkrumah. Wengi wetu tumeingia humo mara nyingi, kwa Misa ya Krisma au kwa upadrisho wa vijana wetu, tukatazama minara yake miwili na vioo vyake vya rangi bila kujiuliza jina lake limetoka wapi. Mwongozaji wetu, kijana mpole mwenye Kiswahili cha Mvita kisicho na doa, alianza kwa salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo," tukamwitikia "Milele, amina," kisha akatueleza kwamba jina la kanisa ni jina la shirika. Mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860 wakiongozwa na Padre Armand Fava. Mwaka 1863 kazi yao ikapokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 hao wakavuka kwenda bara na kufungua misheni ya Bagamoyo. Kutoka mwambao huo ndipo shirika lilipopanda kuja huku kwetu. Misheni ya Bura, katika milima ya Taita, ilifunguliwa mwaka 1892, na ile ya Mtakatifu Austin ya Nairobi mwaka 1899. Mimi ni mtoto wa Bura, nimebatizwa huko na baba yangu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padre, huko, kwa hiyo mwongozaji alipolitaja jina hilo nilisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Kwa masikitiko yangu, alilitaja mara moja tu, kisha tukaondoka kuelekea Ngomeni.

Kutoka kanisani hadi Fort Jesus ni mwendo mfupi kwa miguu, na wazee wetu wawili walichukuliwa kwa tuktuk bila kudaiwa nyongeza, jambo ninalolisifu. Hapo ndipo ziara inapokolea. Tulikaa zaidi ya saa mbili ndani ya ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwongozaji hakupita juu juu. Alitupeleka kwenye magofu ya kanisa la askari, ambapo pamebaki misingi ya mawe tu chini ya jua, akatuomba tunyamaze kidogo kabla ya kusema lolote. Kisha akatupa neno moja ambalo hadi leo linazunguka kichwani mwangu. Alisema kwamba neno letu "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Ngome yenyewe ilikuja kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na neno lililozaliwa na nyumba ya sala likabaki midomoni mwetu kwa maana ya pingu na kufuli. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye kila mwezi huenda Shimo la Tewa na kikundi cha kutembelea wafungwa, alikaa juu ya ukuta mfupi na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Habari za mwaka 1631 zilisimuliwa vizuri kuliko nilivyowahi kuzisikia popote, pamoja na mahubiri. Wengi wetu tumezoea kuambiwa tu kwamba mfalme alikana imani akawaua Wakristo. Mwongozaji alianza mbali zaidi: kwamba Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto mdogo wakati baba yake, Sultani wa Mombasa, alipouawa kwa njama za Wareno wenyewe, kwamba alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, na kwamba alirudishwa kutawala hapa mwaka 1626 akiwa Mkristo kwa jina, huku kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akimdharau na kumpeleleza hata alipokwenda kwenye kaburi la baba yake. Mnamo Agosti 1631, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, na katika siku zilizofuata watawa Waagustino pamoja na waumini waliokataa kuiacha imani wakauawa. Mashahidi walihojiwa baadaye kwa kiapo huko Goa, na kumbukumbu zao ndizo zilizotufikishia habari hizi. Kilichonigusa ni kwamba mwongozaji hakutuficha kosa la Wareno wala hakulitumia kupunguza uzito wa damu iliyomwagika. Alisisitiza pia kwamba waliokufa hawakuwa Wareno peke yao, kwani walikuwamo Waafrika wa hapa, wake kwa waume, waliobatizwa katika mji huu. Nilitamani aendelee juu ya hao, lakini alirudi kwenye majina ya mapadre, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuiona kasoro ya ziara nzima.

Mji wa Kale tuliupita kwa heshima inayostahili. Kabla ya kuingia Ndia Kuu, mwongozaji alituomba tusiimbe, akina mama wajitande vizuri, na tusipige picha za watu wala za milango bila ruhusa. Tulipopita karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao umesimama tangu mwaka 1570, yaani kabla ya Fort Jesus yenyewe, adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, nasi tukasimama kando hadi adhana ilipokwisha. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa alitusalimu na kutuuliza kama tulikuwa wageni, tulipomwambia tumetoka Mikindani, alicheka akasema, "Basi nyinyi si wageni, ni jirani zangu, karibuni kahawa." Hapa pia tulielezwa kwa ufupi lakini kwa usahihi jinsi mzingiro wa Waomani wa mwaka 1696 hadi 1698 ulivyomaliza ngome kwa njaa na maradhi, na jinsi Ukatoliki ulivyokaribia kutoweka katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka 150 baadaye.

Kuna mambo ya kurekebisha, nami nayaandika kwa nia njema. Kipaza sauti cha kubeba mkononi kilikufa betri tukiwa bado ngomeni, na kuanzia hapo waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Karatasi tulizogawiwa zilikuwa kwa Kiingereza kitupu, na kwa kundi ambalo nusu yake husali, huimba na hufundishana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, hilo linaumiza, hasa kwa kuwa maelezo ya mdomo yalikuwa ya Kiswahili kizuri kiasi kile. Hakukupangwa mahali pa kupumzikia kivulini kabla ya saa saba, na mama mmoja mwenye shinikizo la damu alizidiwa kidogo. Waandaaji walimtafutia dafu na kiti haraka, lakini afadhali wangelifikiria mapema. Chakula cha mchana kilikuwa pilau na kachumbari, cha kutosha.

Mchana tulivuka daraja la Nyali hadi Kengeleni. Wakazi wa Kisauni hulitamka jina hilo kila siku wakishuka matatu, na wengi wao hawajui kwamba kengele yenyewe ipo. Ni kengele ya kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Baadhi ya wenzangu walishangaa kwa nini ziara ya Wakatoliki ipite kwenye misheni ya Waanglikana. Mimi naona waandaaji wamefanya vyema, kwa sababu bila kituo hicho mtu hawezi kuelewa Bagamoyo. Huko pia misheni ilikomboa watumwa kwa fedha, ikawalea watoto wao, ikawafundisha useremala, kilimo na sala, na baadhi ya familia hizo ndizo zilizofuatana na mapadre kwenda bara kufungua misheni mpya. Padre Mfaransa hangeweza kufundisha katekisimu katika kijiji ambacho lugha yake hakuijua. Aliyefundisha ni yule aliyekuwa amekombolewa, au mtoto wake.

Na hapa ndipo nilipotegemea ziara ifunguke. Badala yake, saa kumi kasoro tulipelekwa kwenye ukumbi wa parokia moja ya bara kaskazini, tukapewa soda, na mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa zaidi ya miaka 40 akapewa dakika 20 za "kushuhudia" kabla ya matatu kuturudisha.

Mzee huyo alifungua mfuko wa nailoni akatoa daftari la kurasa 96 lenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi mweupe. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, siku alizohudhuria mafundisho, tarehe ya ubatizo, na safu ya mwisho isiyo na kichwa. Nilimwuliza, "Shikamoo mzee, safu hii ni ya nini?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya waliohama. Wengi walikwenda Changamwe kutafuta kazi ya bandarini, nami nilikuwa naandika jina la jumuiya waliyoingia, ili nikienda mjini niwatafute." Tuliona majina yaliyofuatwa kwa kalamu nyekundu miaka kumi, miaka kumi na mitano. Alituambia jinsi padre alivyokuwa akifika kigangoni, yaani kwenye kanisa dogo la kijijini, mara moja kwa miezi mitatu, na jinsi katika Jumapili zote za katikati yeye ndiye aliyeongoza ibada, akazika wafu, akapatanisha ndoa na kuamua nani yuko tayari kwa kipaimara. Alieleza pia jinsi mambo yalivyobadilika Misa ilipoacha Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na jinsi maaskofu wa Afrika Mashariki walipozikumbatia jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, kwa maneno yake, walikuwa wanalipatia jina jambo ambalo makatekista walikuwa wakilifanya chini ya miembe tangu zamani. Alipofika hapo, dereva akapiga honi.

Nilimkumbuka baba yangu. Alitembea kutoka Bura hadi vigango vya mbali akiwa na mkoba wa turubai, na malipo yake kwa mwezi hayakutosha kununua viatu alivyovimaliza njiani. Jina lake halimo katika kitabu chochote cha historia ya misheni nilichowahi kukiona. Wamisionari waliokufa kwa malaria katika mwambao huu wanastahili heshima tunayowapa, nami nawaombea. Lakini ziara inayojiita ya historia ya umisionari, ikiwa inatoa zaidi ya saa mbili kwa kuta za Wareno na dakika 20 kwa watu waliobeba imani kwa miguu yao kwa zaidi ya karne moja, inahitaji kupimwa upya.

Hayo yote nilimwambia kiongozi wa kikundi siku hiyo hiyo, pale pale kwenye ngazi za ukumbi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba ukumbi umewekwa mwishoni kwa sababu ya msongamano wa darajani, na akasema wataangalia kama mzee anaweza kuletwa asubuhi, ziara ikianzia kwake kabla ya kwenda Fort Jesus. Karatasi za Kiswahili pia ameahidi. Nimekwisha kuandikisha vijana wetu 30 wa kipaimara kwa ziara ya likizo ya Agosti, na nimelipa amana nikiweka sharti kwamba mzee apewe saa nzima. Kwa atakayekwenda kabla ya hapo: beba kofia na maji, vaa viatu vya kutembelea, hifadhi fedha ya tiketi ya ngome kando, na ukifika ukumbini, keti mstari wa mbele umwombe mzee akuonyeshe daftari.