Dire Straits, santuri ya kwanza ya 1978: nakala ya mtumba kutoka Mafinga

Kama wewe ni mpenzi wa dansi na unatafuta santuri moja tu ya roki ya kuanzia, chukua hii. Nasema hivyo nikiwa mpiga gitaa la rizimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo nyuma ya solo. Wikiendi nashika gitaa kwenye bendi hapa Iringa, siku za kazi natengeneza redio na amplifaya pale Miyomboni. Roki nyingi huniumiza masikio: gitaa linafoka, ngoma zinagombana nalo, mwimbaji anajikaza ashinde wote. Dire Straits, bendi ya roki ya London, hawakuingia studio kugombana. Kila chombo unakisikia kilipo, na solo inamsubiri mwimbaji amalize mstari wake ndipo ijibu. Sisi tuliolelewa na Mbaraka Mwinshehe hatuhitaji kufundishwa kusikiliza muziki wa namna hiyo.

Nakala yangu nimeipata Mafinga, kwa jamaa anayeuza vyombo vya ndani vilivyotumika. Mzigo wake mwingi hutoka kwenye nyumba za zamani za mashamba ya chai huko Mufindi: viti, majiko, vitabu, na safari hii kreti la santuri lililokaa chini ya meza ya kushonea. "Kamwene kaka, hizo za wazungu, chagua," akaniambia. Alianzia elfu hamsini, tukapatana elfu thelathini. Toleo ni la kampuni ya Vertigo, namba 9102 021.

Aliyewahi kuishi Mufindi anajua nguo zinavyoshika koga hata zikiwa kabatini. Santuri haziponi. Jalada hili, lenye mchoro wa Chuck Loyola, limevimba kona ya chini na lina madoa ya kahawia. Ganda la ndani la karatasi lilikuwa limenata kwenye santuri, na nilipolivua taratibu nikakuta koga nyeupe imetambaa karibu nusu ya upande A. Sikuogopa, kwa sababu koga husafishika. Kinachoua santuri ni mikwaruzo na kupinda. Niliiinua usawa wa macho kuelekea mlangoni nikaiona imenyooka, na mikwaruzo yake ilikuwa ya juujuu.

Usafi wenyewe ni kazi ya mkono. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, unafuta kwa kuzunguka kufuata mistari, usikate katikati. Lebo usiiloweshe. Mwisho unasuuza kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya bomba yakikauka huacha chumvi ndani ya mistari na sindano itaikuta huko. Halafu iache isimame kivulini mpaka ikauke kabisa. Ganda la zamani tupa, weka jipya.

Nawaeleza haya yote kwa sababu albamu hii ni ya utulivu, na utulivu hausamehi uchafu. Santuri ya roki nzito ikitatarika, gitaa linafunika. Hapa wimbo wa kwanza, "Down to the Waterline", unaanza kwa sauti ya chini mno, kama mlio wa meli uliosikika toka mbali kwenye ukungu, na gitaa linaingia peke yake. Kila punje ya vumbi utaisikia. Nakala yangu inatatarika kidogo hapo mwanzoni, kisha Pick Withers anaingia na ngoma na kero inaisha.

Withers ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Anapiga kwa wepesi, matoazi yanasikika zaidi ya ngoma kubwa, na John Illsley kwenye besi haongezi noti hata moja isiyo na kazi. David Knopfler, mdogo wake Mark Knopfler aliye mwimbaji na mpiga solo, ndiye rizimu. Watu hawamtaji. Vaa hedifoni umsikilize kwenye "Six Blade Knife": anakata kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) fupi fupi na kunyamaza, anakata na kunyamaza, na ule ukimya wake ndio unaompa kaka yake nafasi ya kuongea. Vijana wa bendi yetu nimewasikilizisha wimbo huo makusudi.

Mark mwenyewe hapigi kwa kipande cha plastiki. Anatumia kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, moja kwa moja kwenye nyuzi za gitaa lake la umeme aina ya Stratocaster, ndiyo maana noti zake zina nyama na hazichomi. Kwenye "Water of Love" anashika gitaa la chuma la National na kulipiga kwa kutelezesha, na wimbo unakuwa mkavu kama maneno yake, maana unamhusu mtu aliyeishiwa mapenzi kama nchi iliyoishiwa maji. "Setting Me Up" na "Southbound Again" ni nyimbo nzuri za kuchezesha mguu, basi.

Geuza upande B. Hapo ndipo pana "Sultans of Swing", na hata asiyelijua jina la bendi ameshausikia redioni. Knopfler ameeleza kwamba aliutunga baada ya kuingia kwenye baa moja ya London iliyokuwa karibu tupu, akakuta bendi ya jazi iliyochoka ikipiga, kisha ikajitangaza kwa jina kubwa la kisultani. Mmoja wa wanamuziki ndani ya wimbo ana kazi yake ya mchana na hana shida ya umaarufu. Anasubiri Ijumaa usiku apige. Sijui wimbo mwingine wa Kizungu unaotuheshimu hivyo sisi wa bendi za ukumbini. Unapigwa kwenye ki ya D maina, na mwishoni, kwenye kile ambacho sisi wa dansi tungekiita chemko, yaani sehemu ya mwisho inayochangamka, vidole vinavunja kodi noti moja moja kwa kasi, juu, chini, juu, lakini ngoma na besi haziongezi mbio hata kidogo. Chemko lisilokimbia! Nimejaribu kulipiga kwenye mazoezi, na ugumu wake si kasi ya vidole, ni kutulia wakati wenzako wametulia.

Wimbo huo ndio uliowatoa. Mwaka 1977 walirekodi kanda ya majaribio, mtangazaji Charlie Gillett akaipiga BBC Radio London, na Vertigo wakawasaini. Albamu ikarekodiwa mwanzoni mwa 1978 studio za Basing Street, London, chini ya mtayarishaji Muff Winwood. Ni wakati vijana wa London walikuwa wazimu na panki, roki ya fujo na kelele. Huku kwetu ndio mwaka ilipoanzishwa bendi ya dansi ya Mlimani Park. Knopfler alikuwa na miaka 28, ameshafanya kazi ya uandishi wa gazeti Leeds na ualimu wa chuo. Ukisikiliza "In the Gallery", wimbo wa mchonga sanamu aliyepuuzwa na wenye majumba ya sanaa mpaka alipokufa, unaona jicho la mwandishi wa habari, na hasira ya mtu mzima. Kwangu ndio wimbo bora wa santuri nzima baada ya "Sultans".

"Lions" inafunga, na hapo nakala yangu inalalamika: herufi s zinachanika mdomoni mwa mwimbaji. Karibu na katikati mistari inapita chini ya sindano polepole zaidi, hivyo uchakavu hujitokeza huko kwanza, hasa kama mwenye nyumba wa zamani alitumia sindano iliyoisha. Ukikutana na nakala dukani, kagua mistari ya mwisho ya upande B kabla ya kitu kingine. Ikiwa na rangi ya kijivu badala ya weusi unaong'aa, imechezwa sana. Hapo usivuke elfu kumi na tano. Ikiwa nyeusi na imenyooka, hata jalada likiwa limeoza, elfu thelathini hadi arobaini ni bei ya haki, na koga isikutishe.