Duka la malighafi za sabuni na losheni pale Mwanga, Kigoma: nawapa nyota nne

Wadau wa sabuni na mafuta ya kupaka mlioko Kigoma na Ujiji, naongelea lile duka dogo la malighafi pale Mwanga ukiwa unatoka sokoni, wanaouza kostiki (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), glisirini, mafuta ya nazi, mise (mafuta ya kokwa za michikichi), nta na vikopo vya kufungashia. Watu wanaulizia sana kama linaaminika mana tumezoea kuagiza Dar au Mwanza, mzigo unakaa njiani weee mpaka wateja wanakukimbia, so naandika kwa urefu kidogo. Mi nachukua pale vitu vya sabuni ya kipande ya kuogea na vya mafuta ya mgando, upande wa sabuni ya maji sijawahi kununua kwahiyo siwasemei.

Kilichonifanya niwapende kwanza ni mizani. Yule dada wa pale anaweka kopo la plastiki juu ya mizani, anarudisha sifuri, anavaa glovu, af anamimina kostiki kidogo kidogo mpaka namba itulie, hakadirii kwa macho hata siku moja. Kuna mama alikuja nikiwa nasubiri zamu yangu, anataka apimiwe kikombe kimoja kama anavyopimiwa sehemu zingine, dada akamwambia shikamoo mama, naomba nikupimie kwa gramu, kwani mafuta yako ni mise matupu au umechanganya na mawese? Mama akasema ni mawese na mise kidogo. Dada akatoa kikokotoo, akamhesabia palepale na kumwandikia kwenye karatasi, bure kabisa.

Na hilo ndo swali ambalo kila muuza kostiki angepaswa kuuliza, mana kila mafuta yana kiasi chake. Gramu 1 ya mise inakula kostiki gramu 0.176 hivi, mawese inakula 0.142 tu. Sasa chukua kilo moja ya mafuta, mawese gramu 700 na mise gramu 300, hesabu inakuja kama gramu 152 za kostiki, unapunguza asilimia 5 ili kuwe na mafuta kidogo yanayobaki ya kulainisha ngozi, unapima kama gramu 145. Kilo hiyohiyo ikiwa mise tupu unapima kama 167. Ukichukua kipimo cha mise ukakitumbukiza kwenye mchanganyiko wenye mawese mengi, kostiki inabaki hai ndani ya kipande na mtu akiogea anawashwa, af wanasema sabuni za Kigoma kali. Sabuni zetu sio kali jamani, ni vikombe!

Mise yao ni nzuri kwa kweli. Ni ile iliyokamuliwa kwa mashine, njano ya kufifia, haina ule moshi wa mbegu zilizokaangwa sana, na asubuhi yenye ubaridi unaikuta imeanza kushikana kwenye dumu. Povu lote la sabuni zetu linatoka kwenye mise, mawese ndo yanaleta ugumu wa kipande, ila ukizidisha mise sabuni inakausha ngozi so usishawishike na povu peke yake. Mawese wanayo mekundu na yale yaliyochemshwa mpaka rangi ikatoka, mi nachukua mekundu mana sabuni inatoka na rangi yake ya machungwa bila kuongeza kitu.

Nta pia wanayo, vipande vya njano vinanukia asali, na ukiyeyusha uchafu unaobaki chini ni mdogo sana. Kwa mafuta ya mgando naweka nta sehemu moja kwa mafuta sehemu nne kwa uzito, kwa joto la huku hayamwagiki kwenye mkoba. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi kwahiyo bandika juu ya sufuria yenye maji ya moto, usiweke moja kwa moja motoni.

Sasa nyota moja nimewanyima kwa ajili ya vitu vya losheni. Ule unga wa kuunganisha maji na mafuta wanaufunga kwenye vimfuko vyeupe vimeandikwa kwa peni neno LOSHENI tu, hamna jina la kitu chenyewe, hamna kiasi cha kutumia, hamna tarehe. Nikauliza ni nini hiki, kijana aliyekuwepo siku hiyo (sio yule dada) akasema ni cha losheni. Af nikauliza kihifadhi akanipa vitamini E, eti losheni haitaharibika. Hapana ndugu zangu. Vitamini E inasaidia mafuta yasichache, haiui bakteria wala ukungu, na losheni ina maji mengi, humo ndo vijidudu vinazaliana hata kabla hujaona madoa wala kusikia harufu. Mtu anampaka mtoto mchanga hiyo! Losheni ya maji inataka kihifadhi cha kweli, kwa mfano phenoxyethanol, ambayo Umoja wa Ulaya wameiwekea ukomo wa asilimia 1, yani kwenye kilo moja ya losheni isizidi gramu 10. Nta yenye mafuta matupu haina maji, huko vitamini E inatosha.

Kuna jambo lingine la kuwasifia, hawauzi vitu vya mkorogo wa kuchubua ngozi. Nimesikia mtu anaulizia haidrokwinoni kwa sauti ya chini akajibiwa hatuna na hatuleti. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, duka la malighafi likisimamia hilo mi naliheshimu.

Bei iko juu kidogo ya Dar ila ukijumlisha nauli ya mzigo unatoka salama. Nenda asubuhi ukimkuta yule dada, beba vyombo vyako vya plastiki ngumu, na usijaribu kubebea kostiki kwenye sufuria ya alumini mana inaliwa na inatoa gesi inayoshika moto. Ukifika nyumbani mimina kostiki kwenye maji, sio maji kwenye kostiki, inaruka. Kama unataka kuuza, pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakuelekeze kabla ya kwenda TBS (shirika la viwango), ambao tangu 2019 ndo wanaosimamia vipodozi, sio TFDA ya chakula na dawa tena.

Wenye duka mkisoma hapa, vile vimfuko vya losheni naomba viandikwe jina kamili, kiasi cha kutumia na tarehe, hata kwa peni hiyohiyo. Nikiviona nakuja kurekebisha nyota.